Satini ya kisu (ule umaliziaji wa mistari laini inayolala upande mmoja) inaamuliwa kwenye msasa wa P120, siyo kwenye mkanda wa mwisho. Mwenye hoja tofauti alete

#1 Mzee_Fuawe
Wakuu, salaam. Swali linalojirudia humu ni lilelile: mtu anasaga kwa mashine ya mkanda wa msasa, kafika P400 (namba za P ni ukubwa wa punje: namba ikipanda, punje ni ndogo), kapitisha na mkanda wa nyuzi za nailoni, lakini akigeuza kisu kwenye mwanga anaona mistari mirefu michache imekatiza ubavu. Kila anapouliza anajibiwa anunue mkanda laini zaidi. Nasema ni hela ya bure. Mkanda laini hauondoi mkwaruzo mzito, unausafisha kingo tu ukazidi kuonekana.

Chukua kisu cha springi ya gari, ubapa sentimita 20, unene milimita 4, kimeshakazwa kwa moto na kuchovywa mafuta, kikalegezwa kwa moto mdogo. Mfuatano wangu ni huu: mkanda wa punje za seramiki P60 kutoa umbo, P120, P220 ya kitambaa laini, Trizact A45 (mkanda wa kumalizia wa 3M), halafu nailoni ya kati (ile nyekundu iliyoiva) kwa mpito mmoja au miwili. Kazi kubwa iko P120. Ukitoka P60 geuza kisu kama digrii 45 ili mistari mipya ikatize ya zamani, na usitoke hapo mpaka mstari wa mwisho wa P60 umekwisha. Kisha piga mipito mitatu ya ziada hata kama huoni kitu, maana mkwaruzo una bonde ambalo jicho halilifikii. Muda wa P120 uwe mrefu kuliko muda wa mikanda yote inayofuata ukijumlishwa.

Kukagua: futa ubapa kwa spiriti, zima taa ya juu, laza tochi karibu usawa na chuma. Taa ya dari inadanganya.

#2 Msasa80
Shikamoo mzee. Hoja nzuri, ila umeruka jambo moja. Unaposema P400 una maana ya FEPA, kipimo cha Ulaya, yaani ile yenye herufi P. Mikanda mingi inayoingia na mizigo kutoka Marekani ina namba bila P, hiyo ni ANSI, kipimo cha kwao. Mpaka 220 hazipishani sana, zote ziko karibu mikroni 68. Baada ya hapo zinaachana: P400 ni mikroni 35, lakini 400 ya ANSI ni kama 23, ambayo inaangukia kati ya P600 na P800. Na 600 ya ANSI ni karibu P1200.

Kwa hiyo mtu aliyetoka P220 akapanda 400 ya ANSI ameruka kutoka mikroni 68 mpaka 23, mara tatu. Hapo mistari itabaki hata kama P120 aliifanya siku nzima. Kanuni ninayoifuata: ukubwa wa punje usishuke zaidi ya nusu kwa hatua moja. Soma mikroni, achana na namba.

#3 Mzee_Fuawe
Marahaba. Nakubali kuhusu ANSI. Lakini kwa kanuni yako ya nusu, P60 (mikroni 269) kwenda P120 (125) nayo imepita kidogo na inafanya kazi kila siku. Hatua inaweza kuwa ndefu, mradi umwage muda.

#4 Kamukunji_Makali
Wazee wangu, mnazungumzia namba na hamjauliza mistari imekaaje. Tupige hesabu. Mashine ya inji 2 kwa 72, mkanda una urefu wa mita 1.83. Ukizunguka mita 15 kwa sekunde, kiungo cha mkanda kinapita kwenye chuma mara 8 kila sekunde. Ukiburuta kisu sentimita 10 kwa sekunde, alama zitaachana kama milimita 12. Chukua rula upime. Zikiachana sawasawa, shida ni kiungo wala si P120.

Mikanda ya bei ya chini inaunganishwa kwa kulaza ncha moja juu ya nyingine. Pale pana kifundo, na unakisikia tak-tak-tak kwenye bamba (kile chuma bapa kinachoegemeza mkanda kwa nyuma). Kwa P36 haina neno. Kwa mkanda wa kumalizia tafuta wenye ncha zilizokutana uso kwa uso na utepe nyuma. Na ule wa kulaza una mshale ndani, ukiugeuza kiungo kinaanza kufunuka.

#5 Bi_Ncha
Kaka Kamukunji, hesabu yako ni sahihi ila hitimisho limekimbia. Punje moja iliyosimama juu ya wenzake nayo inapita mara 8 kwa sekunde, kwa hiyo itaacha mistari yenye umbali uleule wa milimita 12. Tofauti iko kwenye sura: kiungo kinaacha alama pana, kama utepe hafifu wenye upana wa sehemu yote inayogusa. Punje inaacha uzi mmoja mwembamba wenye kina.

Seramiki mpya zina punje kama hizo nyingi. Dawa yake ni kuuvunja ukali mkanda kabla ya kazi ya kisu: washa kasi ndogo, gandamiza kipande cha chuma kilichokazwa, faili lililochoka linafaa, kwa sekunde kumi hivi. Mistari ikitoweka baada ya hapo, umeshajua mwizi ni nani. Ikibaki, rudi kwa Mzee Fuawe.

#6 Mpwani_Solingen
Habari zenu. Huku Ujerumani mashine nyingi za visu ni milimita 50 kwa 2000, lakini ugonjwa ni huohuo, na mimi nautaja mwingine: uchafu. Punje ya P60 ikibaki kwenye bamba, kwenye meza ya mashine, kwenye aproni au kwenye kisu chenyewe, itaingia kati ya mkanda wa P400 na chuma. Inachora mstari mmoja mrefu, mara nyingine umepinda, na hautarudi tena mahali pale. Huo huwezi kuupima kwa rula.

Kila unapobadili namba: futa bamba, puliza magurudumu, osha kisu, osha mikono, badili maji ya ndoo. Ndoo ndiyo inasahaulika. Umekuwa ukipoza kisu humo tangu P36, chini kuna tope la punje, kila ukichovya unapanda nazo.

Solingen, mji wa visu wa huku, kuna kazi ya zamani inaitwa pließten: kusaga laini kwa magurudumu yaliyovikwa ngozi, kwa unga wa msasa na mafuta. Mistari yake inapita kutoka mgongoni kwenda makali, na ule ulaini wa juu kabisa wanauita blaupließten, chuma kinaonekana kama kina ubuluu. Kazi ya namna ile haivumilii hata punje moja ya kigeni.

#7 Kamukunji_Makali
Mpwani, wewe uko kwenye magurudumu ya ngozi. Huku kwetu karakana moja ina welding, rangi ya kupuliza na grinda ya diski, vyote chini ya bati moja. Tukifuata sheria yako kisu kitatoka baada ya Ramadhani mbili 😀 Ila ya ndoo umenishika.

#8 Fundi_Springi
Hamjagusa kasi, na mimi naiweka mbele ya yote mliyotaja.

Seramiki imetengenezwa ivunjike vipande vidogo ili itoe ncha mpya. Inahitaji kasi na mgandamizo, mita 25 kwa sekunde na zaidi ikiwezekana. Ukiigusisha kwa woga, haivunjiki, inapata kioo juu, inasugua badala ya kukata, inachoma. Mikanda ya kumalizia ni kinyume: mita 4 mpaka 8, mkono mwepesi. Mtu anayetumia kasi moja kwa mikanda yote atakosea upande mmoja.

Hesabu: kipenyo cha gurudumu la mota kwa mita × 3.14 × mizunguko kwa dakika ÷ 60. Mota ya mizunguko 2800 na gurudumu la milimita 100 inatoa karibu mita 14.7. Mota ya 1400 na gurudumu la 150 inatoa mita 11. Ukiweka inveta (kifaa cha kubadili kasi ya mota) ukashusha kutoka hezi 50 mpaka 20, hiyo ya pili inashuka mpaka mita 4.4, na hapo nailoni inakaa vizuri. Inveta inataka mota ya fezi tatu. Zipo zinazopokea fezi moja ya nyumbani na kutoa tatu, tafuta hizo.

Kwa kasi kubwa mkanda laini unarukaruka juu ya bamba, na mruko ule ndio unaacha mawimbi mnayoyaita mistari.

#9 Msasa80
Mawimbi siyo mistari mkuu, usituchanganyie. Ila kwenye joto nakuunga mkono. Springi tunailegeza karibu nyuzi 200, chuma kinakuwa rangi ya nyasi kavu. Ukiona buluu kwenye makali umefika kama 300, ugumu pale umeshashuka, na satini haina la kuokoa. Saga bila glavu. Kidole kikikataa, chovya. Makali membamba karibu na ncha yanapata moto kwanza.

#10 Mzee_Fuawe
Nyongeza kwa #8: kagua bamba lenyewe. Bamba la chuma cha kawaida linalika katikati. Weka rula ya chuma kwa kukatiza, angalia mwanga chini yake. Likiwa na bonde, mkanda unagusa kwa kingo zake mbili, na kingo ndizo zinazochana. Kioo cha seramiki cha milimita 5 au 6 kilichobandikwa kwa gundi ya epoksi juu ya bamba kinaondoa shida hiyo kwa muda mrefu.

#11 Tanga_Chumvi
Wakuu wa bara mna bahati, hamjui unyevu. Huku pwani mkanda ukikaa kwenye hewa wiki kadhaa unajikunja kwa upana, kingo zinainuka. Ukiufunga hivyo unachana kingo zote, na P120 yako ya siku nzima haisaidii. Utepe wa kiungo nao unaachia, unakatika kwa kishindo.

Utunzaji: usitundike kwenye msumari, unaacha mkunjo mkali na punje zinabanduka pale. Tundika kwenye kipande cha bomba la plastiki la inji 4 au zaidi, au weka kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vifuko vya kukausha. Toa siku moja kabla, fungua, acha ulegee. Ulioanza kujikunja, ufunge kwenye mashine bila mzigo kwa dakika chache, kisha legeza. Ukimaliza kazi legeza kila siku, usiuache umevutwa usiku kucha.

#12 mgeni_wa_makali
Samahani wakubwa, shikamooni. Nina mashine ndogo ya inji 1 kwa 30, kasi moja tu. Fedha inatosha mikanda minne. Niagize ipi?

#13 Bi_Ncha
Karibu. P60 seramiki, P120 seramiki, P220 aluminiamu oksaidi ya kitambaa laini (daraja J), na nailoni ya kati. P400 malizia kwa mkono.

#14 Fundi_Springi
Mimi ningeondoa nailoni. Kwenye mashine ya kasi moja itakuunguzia, nailoni ikiyeyuka inapaka ute mweusi juu ya chuma na kuusafisha ni kazi. Badala yake A45. Na P120 chukua mbili, maana hiyo ndiyo utaichosha.

#15 Kamukunji_Makali
Mgeni, inji 1 kwa 30 haina nguvu ya kuivunja seramiki. Chukua punje za zirkonia au hata aluminiamu oksaidi kwa namba za chini, zinakata kwa mgandamizo mdogo kuliko seramiki na bei ni nafuu. Seramiki kwenye mota ile ni pesa imelala.

#16 mgeni_wa_makali
Asanteni, ila sasa nina majibu matatu.

#17 Mzee_Fuawe
Mwanangu, hakuna hata mmoja kati ya watatu aliyeikataa P120. Anzia hapo.

#18 Mpwani_Solingen
Fundi_Springi kagusa nailoni, niendelee. Mkanda huu ni nyuzi zenye punje ndani yake, unabonyea. Kwa hiyo unazunguka kona. Ile kona ya shingo, pale ubavu unapoanzia karibu na mpini, ikipita kwenye nailoni mara tano inakuwa mviringo, na mstari mkali kati ya ubavu na sehemu bapa unapotea. Wateja wanaojua visu wanaangalia hapo kwanza.

Pili, nailoni haiondoi chuma cha kutosha kufuta chochote. Kupitisha nailoni juu ya mistari ya P120 ni kupaka rangi ukuta usiopigwa lipu. Inafanya kazi kama chini yake kuna P220 safi au A45. Ya kati inatoa satini pana yenye mistari inayoonekana, inafaa kisu cha kazi. Ile ya buluu inatoa satini tulivu zaidi, ya kijivu inakaribia kung'aa. Isukume kwenye sehemu ya mkanda isiyo na bamba au kwenye gurudumu laini la mpira, mipito mirefu bila kusimama, kutoka shingo mpaka ncha. Ukisimama katikati unaacha doa.

#19 Bi_Ncha
Kwa kona ya shingo, dawa ni kitambaa daraja J kilichotokeza nje ya bamba milimita 2 au 3, na ukingo wa bamba uwe umetolewa ukali kwa faili. Ukingo wa mkanda unalala, kona inatoka na mviringo mdogo sawa pande zote mbili. Daraja X ni gumu, halilali, linachimba mfereji. Mfereji ule ndio unaokataa kutoka mpaka unamaliza chuma.

#20 Msasa80
Jamani, mmeweka A45 sawa na P400 tangu juu. Herufi A kwenye Trizact inafuatwa na mikroni. A45 ni mikroni 45, na kwa jedwali la FEPA mikroni 46 ni P320. P400 ni 35. Kwa hiyo ni P320.

#21 Mzee_Fuawe
Jedwali la ukubwa ndiyo, jedwali la uso hapana. Trizact siyo punje zilizomwagwa juu ya gundi, ni piramidi ndogo zilizopangwa, na punje zimo ndani ya piramidi kuanzia juu mpaka chini. Kilele kinalika, punje mpya zinatokea, urefu wote uko sawa. Hakuna inayosimama peke yake, kwa hiyo mkwaruzo ni wa kina kidogo kuliko mkanda wa kawaida wenye mikroni zilezile. Ndiyo maana majedwali ya kulinganisha yanaiweka A45 na P400, A30 na P600, A16 na P1200.

#22 Fundi_Springi
Zote mbili ni sawa mpaka uichoshe. Trizact mpya inaacha mifereji inayofuata mpangilio wa piramidi. Ivunje ukali kwenye chuma cha kutupa kwanza, na unapoitumia sogeza kisu kidogo kushoto na kulia. Ukikiburuta palepale utapata mistari iliyopangika kabisa, halafu utakuja humu useme ni P120.

#23 Tanga_Chumvi
Swali kwa wote: satini ya kweli mistari ipite wapi? Mashine inatoa mistari kutoka mgongo kwenda makali. Visu vya bei naona mistari inalala kwa urefu, kutoka mpini kwenda ncha.

#24 Bi_Ncha
Ya urefu ni ya mkono. Fika P400 kwa mashine, funga kisu juu ya ubao, chukua kibao kigumu chenye upande ulionyooka, kata msasa wa maji P400 vipande vya upana wa sentimita 3, tumia mafuta mepesi au maji ya sabuni. Sugua kwa mshazari mpaka mistari ya mashine iishe, kisha kwa urefu. Mipito ya mwisho ni ya upande mmoja tu: anzia kona ya shingo, vuta mpaka ncha bila kusimama, inua, rudi, vuta tena, kila mpito kwa sehemu mpya ya msasa. Ukienda na kurudi utaona vindoano vidogo pale mkono ulipogeukia. Vinatoka kwenye punje zilizobanduka zikaburuzwa kona.

#25 Mpwani_Solingen
Si lazima ya urefu iwe ndiyo ya kweli. Pließten inakatiza na hakuna aliyewahi kuiita ya bandia. Kisu cha jikoni chenye mistari ya kukatiza, viazi vinanasa kidogo zaidi au pungufu, watu wanabishana mpaka leo. Muhimu mistari yote ifuate upande mmoja.

#26 Tanga_Chumvi
Kwa chumvi ya huku, mimi natazama kina tu. Kisu cha springi chenye satini ya P120 kinaanza vidoa vya kutu kwenye mistari kabla samaki hajaisha kupaliwa. Cha P400 kinavumilia zaidi kwa sababu maji hayana pa kukaa. Osha, kausha, pangusa mafuta ya nazi. Mteja wa samaki asiyependa matunzo mpe stenlesi.

#27 Kamukunji_Makali
Kuna anayejiungia mikanda mwenyewe? Msasa wa kitambaa wa roli unauzwa kwa mita, mikanda ya 72 ikikosekana ndiyo njia.

#28 Msasa80
Inawezekana kwa namba za kumalizia na kasi ndogo tu. Kata ncha zote mbili kwa mshazari mmoja, zikutane bila pengo, kwangua kidogo mgongo wa kitambaa pale ncha zinapokutana, bandika hapo utepe wa poliesta wenye gundi ya kukaza, bana kati ya vibao viwili kwa saa nyingi. Washa kwanza ukiwa umesimama pembeni, si mbele.

#29 Fundi_Springi
Napinga. Seramiki ya P36 iliyoungwa nyumbani kwa mita 25 ikikatika inakupiga usoni. Kwa P400 kwa mita 5 sawa, miwani machoni.

#30 Mpwani_Solingen
Na barakoa, FFP3 (daraja la juu la kuchuja vumbi) au ya katriji. Vumbi la stenlesi lina kromiamu, usilivute. Mfuko unaonyonya vumbi la mpini wa mpingo usiunganishwe na mashine ya chuma, cheche ikiingia kwenye unga wa mbao moto unafukuta ndani na huuoni. Kwenye mikanda laini ncha ya kisu ielekee chini, mkanda unaposhukia, isije ikadaka.

#31 Bi_Ncha
Turudi kwenye mada. Mzee Fuawe anasema P120, Kamukunji kiungo, Mpwani uchafu, Fundi kasi, Msasa namba za ANSI, mimi punje. Napendekeza jaribio: springi moja, ikatwe vipande vinne, vyote vipite P60 ileile. Cha kwanza P120 fupi, cha pili P120 ndefu, cha tatu P120 ndefu kwenye ndoo chafu, cha nne P120 ndefu na mkanda wa kulaza kwenye A45. Kisha kila ubavu upakwe kalamu ya maka na kufutwa kwa spiriti, wino unabaki kwenye mabonde. Picha zipigwe kwa tochi iliyolala, zisiwe na taa ya juu.

#32 Kamukunji_Makali
Mimi nina springi ya lori ya unene wa milimita 10, itabidi ishushwe kwanza. Nani ana A45 isiyovunjwa ukali?

#33 Fundi_Springi
Ninayo. Ila lazima tukubaliane kasi kabla ya kuanza, la sivyo vipande vyote vinne vitapima inveta yako.